Kibiriti Kando ya Unyayo

Baba yangu hakuwahi kumuuliza mtu anavaa namba ngapi. Ukiingia dukani kwake unataka makubadhi, alitandika kipande cha boksi sakafuni, akakwambia uvue ulivyovaa, usimame juu yake kwa miguu yote miwili, usijikaze. Kisha alipiga goti, akakushika kisigino kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaizungusha penseli taratibu mpaka ikarudi ilikoanzia. Ukimtajia namba yako ya viatu vya dukani alikusikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Hiyo ni namba ya kiwanda. Mimi nataka mguu."

Ule mchoro aliukata kwa mkasi, akautoboa tundu penye kisigino na kuutundika kwenye waya uliopita ukuta hadi ukuta. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mji wa zamani hapa Bagamoyo, mlango mmoja na dirisha hakuna, na juu ya kichwa cha baba zilining'inia nyayo za boksi za watu wa mji mzima: masheikh, wauza samaki, mabwana harusi, watoto ambao sasa ni wazee, na marehemu tele. Mimi nilikulia chini ya nyayo hizo. Wenzangu walijua watu kwa sura, mimi nilimjua mtu kwa dole gumba.

Chumba hakikuwa chetu. Kilikuwa cha bibi mmoja aliyekaa ghorofani, na marehemu mumewe ndiye aliyempa baba kabla mimi sijazaliwa, bila karatasi wala shahidi, kwa maneno tu: chumba ni chako madamu mlango unaingiwa. Kwa wenyewe wa mji huu, mlango wa biashara usioingiwa na watu ni nuksi kwa nyumba nzima, hata kama kodi inalipwa. Kodi ilikuwa ndogo na baba hakuikosa hata mara moja. Sharti lilikuwa watu.

Na watu waliadimika. Ndala za plastiki zilijaa sokoni, nyepesi, za rangi zote, zikikatika unanunua nyingine. Vijana waliotaka makubadhi walivaa siku ya harusi tu, tena ya kuazima. Siku moja baada ya alasiri bibi aliteremka ngazi zake polepole, akasimama kizingitini. Baba akampa shikamoo, akaitikia, wakaulizana hali za nyumba zote mbili mpaka za wagonjwa wa Pangani, ndipo akasema alilolijia. Mjukuu wake anamjua kijana mtengeneza simu anayetafuta chumba.

"Sikufukuzi, mwanangu," akasema. "Lakini mlango umelala. Tuutazame mpaka Idi ipite."

Baba akajibu, "Inshallah, mama," akainama kwenye ngozi yake. Mimi nilikuwa nimemletea chai, nikaisikia damu ikinipanda hadi masikioni. Sina ustahimilivu wa baba. Nilitaka kumwambia bibi kwamba nyayo za mume wake mwenyewe ziko pale ukutani, zinamsikiliza. Nikaimimina chai nusu ikaingia kikombeni, nusu sahanini.

Kazi yangu ni mapokezi, katika nyumba ya wageni iliyo njia ya kwenda Mbegani. Kwa miaka nimeona wageni wakishuka na mabegi yao, watu ambao hawakuwahi kutuona, wametuma ujumbe, wamelipa, wamesafiri, na wanafika wakiwa na hakika kwamba kitanda chao kipo. Jambo hili halijaacha kunishangaza. Mtu wa pwani hanunui nazi mpaka aitikise sikioni, sasa ni nini kinachomfanya mtu anunue kitanda kwa picha? Nilikuwa nawauliza wageni wenyewe. Wengine walicheka, wengine walisema ni komenti za waliotangulia, na mama mmoja aliniambia, "Nilipenda ulivyonijibu." Hilo la mwisho nililihifadhi.

Basi nikafungua ukurasa. Nilipiga picha makubadhi mapya juu ya ngazi za mawe, nikapiga na mikono ya baba ikishona, bila sura maana sura aliikataa, nikaandika kwamba fundi yupo Bagamoyo na kazi yake ni ya mkono. Bei sikuandika. Hakuna aandikaye. Nchi hii yote biashara za simuni husema "bei njoo inboksi", na siku zote nilidhani ni ujanja wa kumpima mnunuzi mfuko. Nilipomweleza baba, aliona ni jambo la kawaida kabisa. "Sasa utaitajaje bei na mtu hamjasalimiana?" akauliza. Nikabaki najiuliza kama wale mabinti wa Kariakoo wanaouza vipodozi kwa simu wanajua kwamba wanafuata adabu ya soko la babu zao.

Ujumbe wa kwanza ulifika jioni ile ile. Ulikuwa na neno moja: "Bei?"

Nikamsomea baba. Akaweka nyundo chini.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Huyu kaingia kwangu hajapiga hodi. Hana wazazi?" Akafikiri. "Hiyo simu inachukua sauti?"

Nikamshikia, nikabonyeza. Akasogeza mdomo karibu na simu, akasema kwa upole wote, "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Kila mtoto wa kwetu anaijua marahaba hiyo, ile unayoitikiwa kabla hujatoa shikamoo, mtu mzima akikukamata unampita kimya njiani. Nilijua mteja wetu wa kwanza tumempoteza, na nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno ya kumbembeleza. Kisha simu ikalia: "Shikamoo mzee wangu. Nisamehe. Naomba kujua bei ya makubadhi." Kijana wa Dar es Salaam. Baba akamuuliza hali, kazi, na wazee wake, kwa voisi ndefu iliyomaliza bando langu, mwisho akamtajia bei, na kijana hakuomba hata kupunguziwa.

Kwa ruhusa ya yule kijana niliiweka ile marahaba ukurasani. Basi ikawa mchezo. Watu walikuja makusudi wakiandika "Bei?" ili tu wagombezwe na mzee, na baba, aliyekuwa hajui kwamba wanamtania, aliwaitikia wote mmoja mmoja kwa moyo safi. Nilipomfichulia akasema, "Hata kama. Si wamesalimia?"

Oda zikaja, na oda zikaleta swali la mguu. Watu walituma namba. Baba alizikataa. Nikamwambia baba, mtu wa Tanga hawezi kuja Bagamoyo kusimama juu ya boksi. Tukavutana, tukakubaliana hivi: mteja asimame juu ya karatasi nyumbani kwake, mtu amzungushie kalamu, aipige picha ile karatasi, anitumie. Baba alikuwa hakati kitu kwa kutazama kioo cha simu, alitaka mstari aushike. Kwa hiyo nilikuwa nazipunguza zile picha simuni ubaki unyayo peke yake, nazipeleka steshenari ya karibu na stendi, dada mmoja ananiprintia, namletea baba karatasi yenye unyayo, anaibandika juu ya boksi na kukata. Mstari kwake ni amana. Mtu akishachorwa, baba hakati ndani yake wala nje yake.

Tulishona wiki nzima, yeye kwa msharasi wa kutobolea ngozi na mimi kwa kupaka gundi. Mizigo ikapanda mabasi: mingine Dar, mingine Tanga, mmoja Zinga hapa karibu, mmoja Lugoba kwa mama mwenye mgahawa wa kandokando ya barabara kuu. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilipita chini ya roshani ya bibi nikiimba.

Majibu yalianza na Lugoba. Yule mama hakuja inboksi, aliandika ukurasani mbele za watu: "Fundi, hivi viatu ni vyangu peke yangu au mimi na jirani? Maana tunaingia wote wawili." Akafuata kijana wa marahaba, kwamba kisigino chake kimebaki nje kinakanyaga lami. Akafuata wa Tanga. Mwingine, ambaye hata hakuwa mteja wetu, akaandika neno moja na kuondoka.

Baba alinitaka nimsomee yote. Nilisoma, nikafika kwenye lile neno, nikaliruka.

"Soma na hilo ulilolimeza," akasema.

"Matapeli."

Alifunga ngozi yake kwa gunia, akaosha mikono, akakaa. Baadaye, kwa sauti ya kawaida tu, alinieleza kwamba hatasubiri Idi. Atampelekea bibi ufunguo mapema, kwa kuwa ni afadhali mlango ufungwe ukiwa umelala kuliko ufungwe ukiwa na jina hilo juu yake. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya ukuta, kilio cha hasira zaidi kuliko huzuni. Makubadhi ya baba yangu hayajawahi kumpwaya mtu!

Hilo ndilo lililonirudisha ndani. Hayajawahi. Basi limetokea nini? Nikazichukua zile karatasi zote za steshenari, nikazipanga moja juu ya moja, nikazisimamisha mlangoni penye mwanga. Vidole juu, visigino chini. Mama wa Lugoba, kijana wa Dar, mwalimu wa Tanga, mwenye duka wa Zinga: upana mbalimbali, urefu mmoja. Sawasawa kabisa.

"Baba," nikasema. "Ulipokuwa unakata hukuliona hili?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani ni ukoo mmoja."

Nikamtazama.

"Si ndivyo inavyokuwa?" akasema. "Mmoja anaagiza, anamwambia nduguye, nduguye anamwambia binamu. Nikasema hawa ni watu wa babu mmoja, wana miguu ya babu yao."

"Baba! Mmoja Lugoba, mmoja Tanga, mmoja Dar!"

"Ukoo hutawanyika," akanijibu, na hakuwa anatania. "Tena mguu wa mtu hauulizwi. Mtu humjui, hukukaa naye, utamwuliza kwa nini mguu wako uko hivi? Adabu gani hiyo?"

Nilianza kucheka nikashindwa kuacha. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na yeye alipoona nimekaa akaanza kutabasamu, kisha akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Ndani ya kicheko hicho nilijua kwamba ufunguo haupelekwi siku hiyo.

Dada wa steshenari alinipa jibu bila hata kuinua kichwa. Mashine inajaza karatasi, akasema. Ukiiletea picha ya sisimizi itajaza, ukiiletea ya tembo itajaza. Haijui nani mkubwa. Nikamuuliza itajuaje. Akasema haiwezi kujua mpaka uiambie, na mimi sikuwa na la kuiambia, kwani picha haina kipimo.

Nikarudi dukani na fumbo hilo. Baba alikuwa anamalizia mshono. Alikata uzi, akawasha kijiti kuubana mwisho wake kwa moto usifumuke, akakitupa kile kijiti na kukiweka kibiriti juu ya karatasi ya mama wa Lugoba. Nilikitazama kimekaa pale, kando ya unyayo mkubwa kupita kiasi. Sijui watu wengine mawazo huwajiaje, langu lilikuja kwa namna ya swali la kitoto.

"Baba, kibiriti cha Lugoba ni kikubwa kama hiki?"

"Kibiriti ni kibiriti," akasema. Kisha mkono wake ukasimama, akakiokota, akakigeuzageuza. "Ni kimoja. Popote utakapokinunua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mteja anachora mguu, analaza kibiriti kando yake juu ya karatasi ile ile, anasimama wima na kupiga picha kutoka juu. Mimi napeleka steshenari pamoja na kibiriti chetu. Dada anaprinti, tunalaza kibiriti halisi juu ya kibiriti cha picha. Kikizidi tunapunguza, kikipungua tunaongeza, mpaka kimoja kikifunike kingine sawasawa. Wenye foleni nyuma yangu walidhani nimerukwa na akili. Dada aliwaambia, "Mwacheni, anawasha mguu wa mtu," na tangu hapo jina hilo likanikaa pale stendi.

Baba alizishona upya jozi zote. Zile za mwanzo hakudai zirudishwe. Mama wa Lugoba akapiga picha mguu wake ndani ya makubadhi mapya, mbele ya meko ya mgahawa, akaandika mbele za watu wale wale: "Jirani amehama." Lile neno baya liliondoka lenyewe siku moja, na sikujua aliyeliandika alikuwa nani wala kwa nini alilifuta. Bado natamani kumjua.

Ila kitu kilichobadilika zaidi ni baba. Makosa yale yalimfundisha kuuliza. Kwa kuwa adabu ya kunyamaza ilimponza, aliamua kwamba mguu unaulizwa, alimradi uulizwe vizuri. Kila karatasi niliyomletea aliishika mlangoni, akaitazama, akanitaka nifungue voisi. "Shikamoo ndugu yangu, hiki kidole chako kidogo kimekimbilia pembeni, ulibanwa na viatu ulipokuwa mdogo?" "Binti yangu, mguu wako wa kulia umelala zaidi, hivi unabeba mtoto upande huo?" Watu walimjibu! Nilidhani watakasirika, na wao walimpa dakika nzima nzima za maisha yao. Mmoja alieleza ajali ya pikipiki. Mmoja alisema hakuna aliyewahi kumwuliza habari ya mguu wake tangu mama yake afariki. Si kwamba baba alipatia kila mara. Kuna mteja mmoja baba alimhakikishia kwamba ni mkulima wa miaka mingi, kwa jinsi nyayo zilivyotanuka, akajibiwa kwamba ni karani wa benki na shamba halijui. Baba hakuridhika. "Baba yake basi," akasema.

Ramadhani ikaingia na oda zikawa nyingi kuliko mikono. Waya wa ukutani ulijaa, tukafunga mwingine chini yake. Mimi nilikuwa natoka mapokezi napitia steshenari, nafika dukani na bahasha ya miguu, naiacha, nakimbilia nyumbani kupika futari. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuiandaa hotuba ya kumpa bibi. Tulikuwa tumeshinda, hivyo ndivyo nilivyoona.

Idi ikapita. Bibi akateremka ngazi, akasimama kizingitini, wakasalimiana, wakapeana mkono wa Idi, wakaulizana wagonjwa wa Pangani. Kabla hajafika kwenye jambo lake nilimtangulia.

"Bibi, shikamoo. Hebu tazama hapa." Nikamfungulia simu.

Akavaa miwani. Alikuwa na hamu kuliko nilivyotarajia. Alipitisha kidole chake picha baada ya picha, miguu ya watu na vibiriti vyao, akauliza huyu wa wapi na huyu wa wapi, akamcheka mmoja aliyeweka sanduku zima la vibiriti. Mwisho akanirudishia simu.

"Mashallah. Sasa hawa wote waliingilia wapi?"

"Waliingilia humu, bibi. Kwenye simu."

Akamgeukia baba. Baba akawa anatazama kizingiti, mahali ambapo bibi amesimama.

"Mlango haukuingiwa, mama," akasema.

"Baba!"

"Umeingiwa na wewe, na binti yangu. Mwezi mzima."

Namshukuru bibi kwa alichosema, na siku ile nilikuwa nimemwekea kinyongo cha bure. "Kaa, mwanangu," akasema. "Siku hizi na simu ni mlango."

"Ni mlango, lakini si huu," baba akamjibu. "Marehemu hakunipa simu." Akatoa fungu la funguo mfukoni, akauchomoa mmoja, akampa kwa mikono miwili.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimsemesha. Nilimwambia hakuna aliyemtaka aondoke. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyekesha na picha za miguu ya watu ili mlango ule usifungwe, na yeye ameutoa kama mtu anayetoa sadaka ya tende. Nilisema mengi, mengine si ya kumwambia mzazi. Aliniacha niyamalize. Tulipofika penye mwarobaini wa msikitini akasimama kupumzisha goti.

"Zamani nikimshika mtu kisigino," akasema, "alikuwa ananiegemea begani asianguke. Anaegemea hivyo hivyo, anaanza kunieleza alikotoka na anakokwenda. Mwezi huu nimekata miguu mingi kuliko miaka yangu yote. Hakuna aliyeniegemea. Hata wa kuniuliza leo futari gani sikumpata." Akaanza tena kutembea. "Miguu inakuja, mwanangu. Watu hawaji. Nyumbani angalau kuna baraza, na wapita njia wananiona."

Iliniuma, maana sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimewauliza wageni wa nyumba ya wageni, dada wa steshenari na watu wa Tanga nisiowajua, nikataka kujua kila kitu cha kila mtu. Yeye nilimwachia bahasha mlangoni nikaondoka.

Tulihamisha duka asubuhi, kabla ya jua kali. Vyombo vyake vilikuwa vichache, kigoda, nyundo, chuma cha kugongea, na ngozi. Kazi ilikuwa nyayo. Alisimama juu ya kigoda akizishusha moja moja, mimi nazipokea chini. Kila moja aliitaja: huyu alikuwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, huyu alikuwa anauza ubuyu, huyu ni mwenye chumba hiki. Ule wa mwenye chumba aliuweka kando, akaniambia nimpandishie bibi ghorofani. Nyayo za watu wa simuni hakuwa na la kuzisemea, alinipa tu kwa fungu, kwa upole, kama anayewaombea radhi.

Nyuma kabisa, penye msumari wa waya, palikuwa na unyayo mdogo uliobadilika rangi. Akaukung'uta vumbi. Ulikuwa wangu, wa Idi ya mwaka nilioanza darasa la kwanza. Nililaza kiganja changu juu yake, ukaenea wote.

Baba alikuwa ameshuka kigodani, na nilipoinua macho nilimwona anaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala za plastiki, za bluu, gidamu moja ya kidoleni imefungwa kwa waya. Tangu oda ya kwanza nimetembea nazo kupeleka makubadhi stendi.

Yeye aliinama, akachana ubavu wa boksi tulilokuwa tunapakia vitu, akautandika sakafuni katikati ya chumba kitupu.

"Vua," akasema. "Simama."

Nikavua, nikasimama. Akapiga goti, akatafuta penseli nyuma ya sikio. Nilikuwa na wasiwasi usio na maana, nikapapasa mfuko wa mkoba wangu.

"Kibiriti ninacho hapa, baba."

"Kibiriti cha nini?" Akanishika kisigino. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Huyu si kaja mwenyewe?"

Penseli ikaanza kutembea. Nikamwegemea begani, nikaanza kumweleza nilikotoka.